Nepi Hupimwa kwa Shavu

Enzi zetu mtoto alizaliwa akakuta dazani moja ya nepi, blanketi moja na dada mkubwa, na akakua vizuri tu. Hakuna aliyempiga picha akiwa na siku moja. Hakuna aliyemfungulia ukurasa wa mtandao kabla hajaota jino, wala aliyewauliza watu mia tatu asiowajua kama kinyesi cha rangi ile ni kizuri au kibaya. Nyinyi mliozaliwa miaka ya sabini mnajua ninachosema. Mambo ya nyumba yalikaa ndani ya nyumba, na mtoto akilia alibebwa na dada yake. Katika ploti yetu kule Satellite, Nairobi, dada huyo alikuwa mimi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya binti yangu Brenda. Alijifungua mwezi wa nne mwaka huu, mtoto wa kiume, na mwezi wa sita akaniomba nimfundishe nepi za kitambaa. Anakaa Mountain View na mumewe, ghorofa ya tatu. Mtoto alikuwa ametoka vipele mapajani, vipele visivyosikia dawa, na nesi wa kliniki akamshauri apumzishe daipa za dukani kwa muda. "Mum, nifunze," aliniambia kwenye simu. "Nimewatch video kama kumi na bado sijashika. Wewe si uliona vile Kukhu alikuwa anafanya?" Kukhu ndilo jina tunalomwitia bibi sisi Wabukusu, na Kukhu wa Brenda ni mama yangu. Nikamwambia nina wateja, nitampigia. Sikumpigia. Akanitafuta tena baada ya siku tatu, nikasema nina mafua na sitaki kumwambukiza mtoto. Mara ya tatu akaniuliza moja kwa moja, "Mum, kuna kitu nimekukosea?"

Hakunikosea kitu. Mimi nauza nguo za watoto mjini, kwenye jengo moja la vibanda, ngazi ya pili. Nauza soksi, kofia, sweta, blanketi na hata vile viatu vya sufu ambavyo huanguka kabla mtoto hajatoka mlangoni. Nepi sijawahi kuweka. Wanawake huuliza kila wiki, nami huwaambia zimeisha jana. Brenda mwenyewe nilimlea na daipa za dukani tangu siku ya kwanza, wakati ambapo ziliuzwa ghali kama dawa na majirani wakaniita mama maringo. Tulikula sukuma wiki bila mafuta ili mtoto avae daipa. Mume wangu aliuliza sababu mara moja, akaona uso wangu, akaacha.

Sababu iko Satellite, na ili niieleze itabidi nianzie kwenye kamba.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba tisa vya mawe, bomba moja, na kamba moja ya waya iliyotoka kwenye pembe ya nyumba hadi kwenye mti wa avokado wa mwenye ploti. Barabara ilikuwa ya vumbi miezi sita na ya tope miezi sita. Upepo ukigeuka ulituletea harufu ya machinjio ya Dagoretti, na sisi watoto tulisema hiyo ni harufu ya Krismasi. Tulicheza kati, mmoja akikwepa katikati, kwa mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kamba. Tulicheza blada, kuruka utepe wa mpira unaopandishwa kutoka vifundoni hadi kiunoni, mpaka magoti yakawa meupe. Tulipika kalongolongo kwa mikebe, mchanga ukiwa mchele na majani ya avokado yakiwa sukuma, na kulikuwa na mpumbavu mmoja kila siku aliyeonja. Shuleni tulipewa maziwa kwenye pakiti zenye pembe tatu, tukayanywa, tukazipuliza pakiti, tukazikanyaga zipasuke kwa kishindo ili mwalimu aruke. Watoto wa siku hizi wanapasua nini? Wanabonyeza vioo.

Baba alikuwa mesenja katika ofisi ya serikali mjini. Mama aliuza mboga nje ya lango la ploti, sukuma na nyanya na vitunguu, na mara mbili kwa wiki alikwenda soko la Dagoretti kuchukua mzigo. Mimi ni Nasimiyu, nilizaliwa wakati wa kiangazi. Baada yangu kulipita miaka kumi bila mtoto. Kisha, mvua ya mwezi wa nne ikiwa imeshika hasa, mama akajifungua mvulana, na kwa kuwa kwetu mtoto wa kiume wa mvua ni Wafula, hakuna aliyebishana juu ya jina. Baba alitembea kifua mbele wiki nzima. Jioni moja akarudi kutoka mjini na furushi la karatasi ya kahawia chini ya kwapa. Ndani mlikuwa na nepi kumi na mbili za kitambaa cha taulo, nyeupe kiasi kwamba tuliogopa kuzigusa.

Mama aliketi kitandani na sindano akatia alama ya uzi mwekundu kwenye pembe ya kila moja, kwa sababu kamba ilikuwa ya watu wote. Za Mama Mwende, jirani yetu Mkamba wa chumba cha pili, zilikuwa na uzi wa samawati, zimelea watoto wanne na zilikuwa zimekwisha kiasi cha kuonyesha upande wa pili. Na kamba ilikuwa na sheria yake. Upande wa kwenye mti wa avokado ulikuwa wa kila mtu. Upande wa nyumba, ambako jua lilifika tangu saa nne hadi saa kumi, ulikuwa wa mama mwenye mtoto mchanga. Hata mwenye ploti, mtu ambaye hakusalimia, aliondoa suruali zake upande huo mama alipotoka hospitali. Huo ulikuwa ndio usafi wetu wa moyo, nadhani. Hatukuwa na mwingine mwingi.

Basi nikafundishwa. Nepi chafu kwanza ni maji baridi, kamwe si moto, kwa sababu moto hupika doa likakaa hapo milele. Halafu inalowekwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Halafu sabuni ya kipande, unafikicha kwa vifundo vya mikono hadi maji yatoke meupe, unasuuza mara tatu, na mama akinusa maji ya mwisho akisikia sabuni unasuuza mara ya nne. Jumamosi zote zilichemshwa kwenye debe. Kukunja kulikuwa na hesabu yake, mraba unakuwa pembetatu, pembetatu inakunjwa tena upande wa mbele kama ni mvulana, na mwishowe inakaa kama zile pakiti zetu za maziwa. Pini ilipitishwa kwanza kwenye nywele ili iwe na mafuta iteleze. Na kabla ya kuichoma, mkono wako unaingia kati ya kitambaa na tumbo la mtoto. "Ikichoma," mama alisema kila mara, "ikuchome wewe."

Lakini somo kubwa lilikuwa la mwisho, la kuanua. Mama hakuamini mkono. Alisema mkono ulioshinda kwenye maji hauna tena akili, kila kitu huuona kikavu. Kwa hiyo kila nepi iliyotoka kwenye kamba ilipimwa kwa shavu. Aliishika kwa mikono miwili, akaibandika shavuni, akafumba macho kidogo kama mtu anayesali. Ikiwa kavu aliikunja. Ikiwa mbichi alisema neno moja, "Bado," na ikarudi kwenye kamba. Wanawake wa ploti walimcheka. Walisema Mama Nasimiyu anabusu nepi. Yeye hakujali. Alikuwa amengoja miaka kumi.

Nilimpenda Wafula. Naomba niliseme hilo wazi kabla sijafika ninakokwenda. Alikuwa na kichwa kikubwa na kicheko cha ghafla ambacho kilimshtua yeye mwenyewe. Nilimbeba mgongoni nikicheza blada, nikawa siwezi kuruka zaidi ya magoti, na sikulalamika. Wengine walikuwa na wanasesere wa mabua. Mimi nilikuwa na mtu.

Mwezi wa saba ukaja. Mnaujua mwezi wa saba wa Nairobi ya zamani, jua halitoki wiki nzima, anga ni kama kifuniko cha sufuria, na nguo zinakaa kwenye kamba siku tatu zinanuka. Nepi kumi na mbili ambazo jua likiwaka zilikuwa nyingi zikawa haba. Ikabidi tuzikaushe kwa pasi ya makaa, moja moja, zikitoa moshi wa maji, na chumba kikajaa joto na harufu ya kitambaa. Mama aliponifunza kazi hiyo alinionya. Nepi ikitoka kwenye pasi ina moto, na moto hudanganya. Ingoje ipoe, halafu uiweke shavuni.

Siku moja mwezi huo mama alikuwa amekwenda Dagoretti kuchukua mboga, Wafula akiwa mgongoni kwake. Wafula alikuwa ameanza kupiga chafya tangu juzi yake. Nilitoka shule nikakuta nepi tatu zimeachwa kitini, mbichi, na makaa machache kwenye jiko. Nikapiga ya kwanza. Nikapiga ya pili. Nje, Mwende, binti wa Mama Mwende, alikuwa amepata blada mpya, ndefu, ya rangi mbili, na nilisikia wakihesabu zamu. Wakaita jina langu. Nikaipiga nepi ya tatu pasi upande mmoja, nikaigeuza, nikaipiga upande wa pili haraka haraka. Ilikuwa na moto. Mkono ukasema imekauka. Sikungoja ipoe. Sikuiweka shavuni. Niliikunja nikaiingiza chini kabisa ya zile nyingine, nikatoka mbio, na siku hiyo nilifika kiunoni bila kugusa. Nakumbuka nilifurahi sana.

Wafula aliamka kesho yake na kikohozi. Siku ya pili mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Baba aliomba ruhusa kazini wakampeleka hospitali, na siku ya nne mama alirudi asubuhi akiwa amevaa leso yake kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, na hakuwa amebeba mtoto. Mama Mwende alimwona kutoka bombani. Aliangusha ndoo akaanza kulia kwa Kikamba, na ndipo mimi nikajua. Daktari alisema ni nimonia. Kwetu, mtu mzima akisema nimonia, mwingine hujibu, ni baridi. Na mtu akisema baridi mimi nilisikia nepi.

Tulimpeleka nyumbani Bungoma, tukarudi. Wiki iliyofuata mama alitoa nepi sandukuni akampelekea Mama Mwende, aliyekuwa mjamzito tena. Nilikuwa mlangoni. Nilizihesabu alipokuwa akizikabidhi. Zilikuwa kumi na moja.

Sikulala na amani tena. Niliamini kwamba ile ya kumi na mbili mama alikuwa ameikuta chini ya zile nyingine, imelowa, na ameiweka mahali kama ushahidi. Niliitafuta. Nilitafuta chini ya godoro, ndani ya mfuko wa unga, nyuma ya kabati la vyombo. Mama naye akabadilika. Hakunituma tena kuanua nguo. Pasi hakuniruhusu kuishika. Alipiga mwenyewe hata sare yangu ya shule hadi nilipomaliza darasa la nane. Nikiingia alikokuwa, alitafuta kazi ya kufanya na mikono. Hakunichapa, hakunigombeza, hakusema neno. Ningeshukuru kama angenichapa. Nikasema moyoni, anajua, na amenyamaza kwa mdomo tu wala si kwa macho.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Baba alifariki, mimi nikaolewa, mama akabaki Satellite kwenye chumba kilekile, kamba ikatolewa pakajengwa ghorofa. Kila Jumapili baada ya kanisa nilimtembelea. Tuliongea juu ya sukari, mvua, magoti yake na mchungaji mpya. Watu walitusifu kwa jinsi tunavyoheshimiana. Kweli tuliheshimiana. Tulikaa pale na heshima yetu, chai ikipoa.

Brenda alipojifungua na mvua inanyesha, mama alisema kwa sauti ndogo kwamba jina analijua kila mtu. Brenda akafurahi, akasema jina la kwetu halina shida. Wafula. Mimi nilikwenda nikasimama jikoni.

Sasa rudini nami kwenye ile simu, "Mum, kuna kitu nimekukosea?" Nikasema nitakuja Jumamosi. Alikuwa amemwalika na mama, kwa kuwa alitaka wote wawili tumfundishe. Ilikuwa mwezi wa saba. Jua halikuwapo.

Brenda alikuwa amejiandaa kama anayefungua duka. Nepi za siku hizi si zile zetu, jamani. Zina vifungo vya kubana badala ya pini, zimechorwa twiga na mawingu, na ndani zina mfuko ambamo unachomeka pedi nene za kunyonya maji. Alikuwa ameagiza kumi na mbili mtandaoni. Hiyo idadi peke yake ilinikausha mate. Zilikuja na karatasi ya maelezo yenye kurasa sita. Alikuwa na ndoo yenye kifuniko cha kukanyaga kwa mguu. Alikuwa ameuliza kikundi cha akina mama kwenye simu kuhusu sabuni, na wakagawanyika kama uchaguzi. Mama aliketi kwenye kochi, mkongojo kando, akiwatazama wale twiga. Nikamcheka Brenda kidogo, nikamwambia enzi zetu ndoo haikuwa na pedeli na tulifika. Akacheka. Nikaona labda siku itapita.

Nikamwonyesha maji baridi kwanza. Nikamwonyesha jinsi ya kukamua bila kuzinyonga. Mikono ilikumbuka yenyewe. Alikuwa amezifua zote mara moja tangu Alhamisi kabla ya kumvalisha mtoto, kama karatasi ilivyosema, na zilikuwa zimeanikwa kwenye kile kichanja cha waya kwenye balkoni. Wafula mdogo alikuwa amelala uchi juu ya taulo, akirusha miguu, na nilimsikia akipiga chafya. Mara moja tu. Brenda akachukua nepi kwenye kichanja, akaipapasa kwa kiganja, akasema, "Hii imekauka," akamwinua mtoto miguu.

Nilimnyang'anya. Sikumbuki kuvuka chumba. Niliibandika shavuni na ilikuwa kavu, laini, kavu kabisa, na sikuiamini. Nikaingiza vidole kwenye ule mfuko wa ndani nikaminya pedi, na maji baridi yakanijia kwenye kucha. "Bado!" nilipiga kelele. "Bado, Brenda! Unataka kumuua?"

Mtoto aliangua kilio. Brenda alinitazama kama mtu asiyenijua. "Mum! Ni nepi tu! Kwani nini mbaya?"

Nikasema. Sikupanga. Nikiwa nimesimama katikati ya sebule ya watu, nepi yenye twiga mkononi, nilimweleza mjukuu wa mama yangu mbele ya mama yangu kwamba nilikuwa na mdogo wangu, na kwamba nilimvisha nepi mbichi kwa sababu nilitaka kwenda kucheza. Nilisema habari ya pasi, na Mwende, na ile ya chini kabisa. Nilisema hata rangi za ile blada. Sikumwangalia mama. Nilipomaliza nilisikia mkongojo ukianguka.

"Si wewe uliyemvisha," mama alisema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kuuliza kama sukari imetosha.

"Nilifika kutoka Dagoretti nimechoka. Mtoto alichafua nepi moja baada ya nyingine hadi tukafika kwa hiyo ya mwisho. Nikaiweka shavuni, Nasimiyu. Ilikuwa mbichi. Makaa yalikuwa yameisha, na dukani sikuwa na nguvu ya kwenda. Nikasema, itakaukia mwilini. Nikamvalisha. Mimi, na shavu langu limeniambia."

Brenda alikuwa amembeba mtoto akimtikisa.

"Ile ya kumi na mbili niliitafuta," nikasema. Nilikuwa naongea kama mtoto wa miaka kumi, nilijisikia.

"Niliichoma kwa jiko tuliporudi kutoka nyumbani. Sikutaka mtu mwingine aishike. Nilidhani unajua. Ulikuwa unaniangalia kwa namna fulani, nikasema, huyu mtoto alijua iko mbichi, na anajua nilimvalisha hivyo. Ndiyo sababu nilikuwa nikikukwepa. Niliona haya mbele yako."

Brenda, ambaye ni wa kizazi chake na husema kila kitu saa ileile, aliketi katikati yetu. "Kukhu. Mum. Sikizeni," alisema, huku machozi yakimtoka. "Nimonia haiji na nepi. Ni vijidudu. Mum, si umesema alikuwa na chafya tangu juzi yake? Alikuwa ashaanza kuwa mgonjwa. Hakuna mtu alimuua, walai. Mlikuwa mnabeba kitu haiko." Tuliitikia kwa vichwa, mama na mimi, kama wanafunzi wawili. Namwamini. Hata mama nadhani anamwamini. Lakini kuambiwa hivyo baada ya miaka thelathini na zaidi ni kama kupewa mwavuli ukiwa umeshafika nyumbani. Nilidhani nitasikia wepesi. Nilichosikia ni hesabu ya Jumapili zote zile, mimi kiti hiki na yeye kiti kile, tukiogopana juu ya nepi iliyokwisha kuwa majivu.

Niliifikiria pia ile pini. Ikichoma, ikuchome wewe. Kila mmoja wetu aliweka mkono wake, na tukachomwa sote wawili, na hatukusikiana tukisema ai.

Mama akaomba pasi. Brenda akaichomeka kwenye umeme, mama akazitoa pedi zote kwenye mifuko, na tukazikausha moja baada ya nyingine juu ya meza ya kulia, zikitoa moshi wa maji. Harufu ilikuwa ileile. Mama alipiga, mimi nikageuza. Hatukuongea mengi, kwa sababu hatujui kuongea, hakuna aliyetufunza. Mara moja aliniuliza, bila kuinua macho, "Kwani blada ilikuwa ya rangi gani?" Nikamwambia tena, nyekundu na nyeusi. Akatikisa kichwa akasema ni vizuri kwamba nilicheza.

Enzi zetu tulikuwa na mengi mazuri, na siwezi kuyakana. Tulikuwa na kamba moja, na upande wa jua ukaachiwa mwenye mtoto. Nepi yetu ilisema ukweli. Ikiwa mbichi ilikuwa mbichi nje na ndani, haikuwa na mfuko wa kuficha maji wala ngozi inayojifanya kavu. Wenye mifuko tulikuwa sisi. Nimewacheka sana vijana hawa, wanaolia mbele ya simu na kuwaeleza watu mia tatu habari za usiku wao mbaya. Tukasema hawana siri, hawana haya. Brenda akipata donda leo, kufika saa kumi jioni amelitaja kwa mumewe, kwa rafiki zake na kwa kikundi cha sabuni. Sisi tulifundishwa kufunika, tukafunika vizuri. Nawaonea wivu, sitaficha. Kama mama yangu angekuwa mmoja wao, au mimi, ningekuwa na mama tangu darasa la nne.

Tulipomaliza, pedi moja ilikuwa imebaki, nene kuliko zote. Mama aliiacha ipoe. Aliishika kwa mikono miwili, akaibandika shavuni, akafumba macho. Kisha akanyoosha mkono, akaniwekea na mimi shavuni, kiganja chake kikiwa nyuma ya kitambaa, na akakiacha hapo. Hakuwa amenigusa uso tangu mwezi ule wa saba.

Pedi ilikuwa kavu. Wote wawili tuliisikia kwamba ni kavu.

"Bado," mama alisema.

"Bado, mama," nikamjibu, na hakuna aliyeondoa mkono.